Surdo za Salvador, ngoma za Kyela: namna ya kuingiza mitambo bila kuizima ngoma

Daniela Mercury alizaliwa mwaka 1965 Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia nchini Brazil. Mwaka 2000, akiwa tayari nyota mkubwa, alipandisha tekno juu ya lori la kanivali ya mji wake, na mwaka 2004 akatoa albamu nzima ya mwelekeo huo, Carnaval Eletrônico. Prodyuza wa Mbeya au Iringa akitazama maonyesho ya namna hiyo huona safu ya ngoma, mwimbaji mbele na DJ nyuma, na kesho yake anaanza kumtafuta DJ. Aanze na ngoma. Salvador walikuwa wamezipanga ngoma zao kwa muziki wa mtaani na wa jukwaani kwa miaka ishirini kabla DJ hajapanda, na DJ alipopanda alikuta kila pigo lina mwenyewe.

Ninayoandika hapa ni kwa anayetaka kufanya onyesho la aina hiyo huku Nyanda za Juu Kusini: kikundi cha ngoma kutoka Kyela, Rungwe, Iringa vijijini au Njombe, mwimbaji mmoja na laptopu moja. Watu wa kupiga tunao. Atakayebisha aende Tukuyu kwenye tamasha la ngoma za asili la Tulia Trust aone vikundi vinavyojipanga foleni.

Bahia walivyojipanga

Ilê Aiyê kilianzishwa mwaka 1974 na Olodum mwaka 1979, vyote vikundi vya kanivali vya Wabrazil weusi wa Salvador. Ndani ya Olodum, fundi wa ngoma aliyeitwa Neguinho do Samba aliupanga mdundo wa samba-reggae, na mpangilio wake unastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Ngoma kubwa, yaani surdo, zimegawana kazi. Mbili za chini kabisa hujibizana: moja inapiga, nyingine inajibu kwenye pigo linalofuata. Surdo za sauti ya juu kidogo hupigwa kwa fimbo mbili na kujaza maneno katikati ya majibizano hayo. Juu yake iko caixa, ngoma bapa yenye waya inayochapa bila kukatika, na repique, ndogo na kali, inayoita na kuitikiwa. Hakuna mtu hata mmoja anayepiga mdundo mzima. Mdundo unazaliwa pale watu watano au hamsini wanapoachiana nafasi.

Albamu ya O Canto da Cidade ya mwaka 1992 ndiyo iliyoufikisha mdundo huo Brazil nzima kwa sauti ya Daniela. Mwaka huohuo onyesho lake la bure kwenye jumba la makumbusho la MASP, São Paulo, lilikatizwa kwa sababu umati ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Huo ulikuwa bado muziki wa ngoma, magitaa na kinanda. Elektroniki ilikuja baadaye, juu ya kitu kilichokwisha kusimama.

Lori lenyewe la kanivali, trio elétrico, lilianza mwaka 1950 pale Dodô na Osmar walipofunga vipaza sauti kwenye gari kuukuu la Ford la mwaka 1929. Ala walizopiga walikuwa wamezichonga kwa mbao nzima isiyo na uwazi ndani, kwa kuwa tumbo la gitaa la kawaida lilikuwa linadaka sauti ya spika na kupiga mluzi. Tatizo hilo linaisubiri kila ngoma yenye tumbo utakayoisimamisha karibu na spika, na tutalifikia.

Brazil ina njia nyingine pia, ya Rio de Janeiro. Funk carioca ilianza kwa kuchukua biti za Miami bass, halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wakaingiza humo milio ya ngoma za asili yao. Ukigawa mzunguko mmoja wa mapigo manne katika visanduku 16 vya kompyuta, pigo lake maarufu linaangukia kisanduku cha 1, 4, 7, 11 na 14. Mwimbaji Anitta amelizungusha duniani kote, na albamu yake ya mwaka 2024, Funk Generation, imesimama juu yake. Kwa njia hiyo ngoma imehamia ndani ya mashine na mpigaji amebaki nyumbani. Singeli yetu ya Dar es Salaam imefanana nayo kwa hilo: kinanda, kompyuta, kasi ya mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, na ni muziki mkali ninaouheshimu. Lakini mahali ambapo kikundi cha watu kumi na tano bado kinapiga kila wiki, njia ya Salvador ndiyo inayofaa. Mpandishe mpigaji mwenyewe jukwaani.

Vifaa vyao, hata hivyo, usivinakili. Surdo nyingi za leo zina ngozi ya plastiki na bolti za kukazia, na Salvador ni mji wa joto ulioko pwani. Ngoma ya Kyela ina ngozi ya ng'ombe, haina bolti, na itapelekwa kupigwa usiku wa Julai kwenye mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Matatizo karibu yote yanayofuata yanaanzia hapo.

Hesabu kwanza: tatu-tatu au nne-nne

Rekodi kikundi kwa simu dakika tano mfululizo, bila kuwasimamisha. Sikiliza miguu ya wachezaji, maana mguu ndio pigo kuu. Kisha hesabu ngoma ndogo inapiga mara ngapi kati ya mguu na mguu. Ngoma nyingi za huku zinatembea kwa tatu-tatu: mguu mmoja, sehemu tatu. Programu za muziki zikifunguliwa huja na visanduku 16, vinne kwa kila pigo, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Prodyuza anaweka haihati, yaani milio mikali ya matoazi, za nne-nne juu ya ngoma ya tatu-tatu, anasikia kitu kinachechemea, anadhani wapigaji hawako sawa, anaanza kuwanyoosha kwa kompyuta. Akimaliza, ngoma imekufa na haihati bado zinachechemea.

Badili mradi mzima kabla ya kuweka sauti hata moja. Visanduku viwe 12, vitatu kwa kila pigo. Kwenye FL Studio hiyo ni kuweka hatua tatu kwa pigo na kuweka mtego wa gridi kwenye theluthi ya pigo. Sasa kiki ya mashine, yaani pigo lake zito la chini, inakaa kisanduku cha 1, 4, 7 na 10, sawa na miguu. Haihati au sheka ukiiweka kwenye 1, 3, 5, 7, 9 na 11 unapata mapigo sita juu ya manne, msuguano ambao mchezaji wa ngoma anautambua mara moja mwilini, kwa kuwa mara nyingi ngoma ndogo tayari inacheza nao. Usijaze vyote kumi na viwili. Kikundi tayari kina njuga, manyanga na makofi. Haihati inayochapa kila kisanduku inafuta kazi ya watu sita.

Mganda, ngoma ya mwambao wa Ziwa Nyasa, uko tofauti. Umerithi mwendo wa gwaride, hivyo sehemu zake kadhaa zinatembea kwa mbili na nne kabisa, na biti ya nne-nne inakaa bila taabu. Ndiyo maana nasisitiza kuhesabu kila ngoma peke yake, hata ndani ya kikundi kimoja, maana wanaweza kuhama mwendo katikati ya onyesho.

Kasi iwe ya nani

Ngoma hupanda kasi. Kikundi kikianza kwenye mapigo 110 kwa dakika, wachezaji wakishapata moto kitakuwa kwenye 114 au 118 bila mtu kuamua, na ni vizuri iwe hivyo. Kompyuta haipandi. Kwa kasi ya 110, pigo moja ni milisekunde 545; kwa 114 ni 526. Tofauti ni 19 tu, lakini baada ya mapigo manane imefika 150, na kwenye ngoma ya tatu-tatu theluthi moja ya pigo ni kama 180. Maana yake, katika sekunde nne na ushee mashine imechelewa karibu kisanduku kizima. Watazamaji wataona kikundi kimepotea, na lawama itawaangukia watu ambao hawakukosea chochote.

Ziko njia tatu za kulimaliza hili. Ya kwanza ni kumvalisha mpigaji mmoja spika za masikio zenye mlio wa kushikia kasi. Usimvalishe kiongozi. Kiongozi anazungumza na wachezaji, anawaita, anawakatisha, anawarudisha, na akifungwa kasi hawezi tena kufanya kazi hiyo. Mvalishe anayeshika pigo lisilobadilika, mara nyingi ngoma ya pili au manyanga. Na mlio wenyewe usiwe tiki-tiki ya kompyuta, maana unachosha sikio na haumwambii mpigaji yuko wapi kwenye mzunguko. Rekodi manyanga yao wenyewe mzunguko mmoja safi, uufanye huo ndio mlio. Wapewe mazoezi ya mwezi mmoja, mara mbili kwa wiki, la sivyo usijaribu.

Ya pili, ninayoipendelea kwa kikundi kinachoanza, ni kuikata elektroniki vipandevipande. Usilete wimbo mzima wa dakika sita uliofungwa. Leta lupu za mzunguko mmoja au miwili, kila moja kwenye kitufe chake, na mtu wa laptopu azichokoze kwa mkono kila mzunguko unapoanza, huku akigonga kasi mpya kwenye kitufe cha kasi kila anapohisi kikundi kimepanda. Lupu ya mzunguko mmoja kwa kasi ya 112 ina urefu wa sekunde 2.14, hivyo hata ikikosea kidogo inakufa kabla kosa halijasikika. Sauti ndefu kama pedi na mivumo isiyo na pigo unaweza kuziacha zitiririke, kwa sababu hazina kingo za kugongana na ngoma. Mtu wa laptopu lazima awe anaijua ngoma hiyo. Kama hawezi kuipiga kwa makofi mwanzo hadi mwisho, hajawa tayari.

Ya tatu ni kuiachia mashine imfuate mpigaji. Ableton Live kuanzia toleo la 11 inaweza kufuata kasi ya sauti inayoingia kwenye maiki. Inakwenda vizuri chumbani. Jukwaani, maiki ikidaka spika za besi, programu inaanza kujifuata yenyewe na kasi inaruka ovyo. Kwa hiyo tumia maiki ya mguso iliyobandikwa kwenye ubao wa ngoma, si maiki ya hewani.

Besi ni ya mmoja kwa wakati

Ngoma kubwa ya kienyeji yenye mdomo wa sentimita 40 au 50 inaweza kutoa sauti yake ya msingi kati ya Hz 60 na 90 (mitetemo kwa sekunde). Hapohapo ndipo kiki ya mashine na besi ya kinanda hupenda kukaa. Vikigombana, unapata uji: kila kitu kinatetemeka na hakuna kinachosikika. Fundi mitambo anapandisha besi zaidi, na hali inazidi kuwa mbaya.

Pakua programu ya kuchora masafa kwenye simu, iweke hatua moja kutoka kwenye ngoma, mpigaji apige katikati ya ngozi mara kumi. Mlima mkubwa wa kushoto ndio sauti ya msingi. Tuseme ni Hz 73, ambayo ni noti ya D. Wimbo wa elektroniki uuweke kwenye D au kwenye noti inayopatana nayo kama G au A. Mashine ndiyo ibadilike. Ngozi hutaiamrisha, na mwimbaji atapata ufunguo wa kuimbia kwa kusogea kidogo tu huku au kule. Kisha kwenye kiki ya mashine punguza desibeli 4 hadi 6 pale kwenye 73, uiachie ikae chini zaidi, karibu na 50, au uichukue iliyo fupi na kavu yenye nguvu kwenye 100 na kupanda. Ngoma nayo ikatwe kila kilicho chini ya 45. Besi ya kinanda inyamaze kila ngoma kubwa inapozungumza peke yake.

Kwa sababu hiyo laptopu isitoe sauti kwa waya mmoja wa masikioni. Tumia kadi ya sauti yenye matundu manne ya kutokea: kiki peke yake, besi peke yake, milio midogo peke yake, vinanda peke yake. Ngoma kubwa ikiingia, fundi anashusha chaneli moja tu. Ukimpa vyote vimeshikamana kwenye stereo, atakachoweza ni kushusha muziki wote.

Baridi, ukungu na ngozi

Saa kumi alasiri, wakati wa kujaribu mitambo, jua la kiangazi limeikausha ngozi na ngoma inalia juu. Saa tatu usiku hewa imepoa, unyevunyevu umepanda, ngozi imeunywa, imelegea, na ile Hz 73 imeshuka noti nzima au zaidi. Besi ya kompyuta haijashuka. Wimbo uliokuwa umepatana alasiri sasa unavuta huku na kule, na mwimbaji anajikuta hajui afuate upande upi. Kikundi kinachopanda kutoka Kyela, iliyoko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenda Mbeya mjini hukutana na mabadiliko haya kwa siku moja. Tukuyu wakati wa mvua ni vigumu zaidi, kwa sababu hata mchana ngozi haikauki.

Wazee wanajua dawa, na dawa ni moto. Tatizo ni kwamba waandaaji huwa hawautengei nafasi. Tenga eneo nyuma ya jukwaa, wazi, upande ambao upepo hauleti moshi kwa wapigaji, angalau mita tano kutoka kwenye nyaya na jenereta. Jiko la mkaa ni bora kuliko moto wa majani ukiwa mjini, maana joto lake halirukiruki. Ngoma ikae umbali ambao kiganja chako kinavumilia bila kuondolewa, igeuzwe polepole, dakika kumi hadi kumi na tano. Ukiisogeza karibu ili kuwahi, ukingo unakauka kabla ya katikati na ngozi inapasuka kwenye vigingi, na ngoma ya kubadilisha hutaipata usiku huo. Gonga kila dakika mbili tatu huku umeshika simu yenye yale masafa. Ikirudi kwenye noti yako, iondoe.

Ngoma iliyopashwa hushika kwa dakika ishirini, thelathini hivi, kwenye baridi kali. Kwa hiyo leta seti mbili za ngoma kuu, moja ikiwa jukwaani nyingine iko motoni, na panga nyimbo kwa kufuata zamu hizo. Kama seti ni moja, weka katikati wimbo wa sauti na laptopu pekee ili ngoma zikaote moto. Wale wanaopaka nta katikati ya ngozi kushusha sauti wapake baada ya moto, si kabla.

Maiki

Ngoma kubwa ipate mbili. Moja juu, sentimita tano kutoka ukingoni, imeinamia katikati. Ya pili chini kwenye mdomo wazi, sentimita kumi ndani au nje kidogo. Maiki hizi mbili zinatazamana, hivyo geuza polariti (kitufe kinachopindua mwelekeo wa wimbi la sauti) ya ile ya chini kwenye mixa, usikilize: upande wenye besi iliyojaa ndio sahihi. Watu wengi hawagusi kitufe hicho, halafu wanashangaa ngoma kubwa kwa nini inasikika kama debe.

Tumbo la ngoma hudaka spika. Usiweke sabu, yaani spika za besi, chini ya jukwaa la mbao hata kama ndipo kuna nafasi. Zisogeze mbele mita tatu na ziweke ardhini. Chini ya ngoma na miguu ya stendi tandika vipande vya godoro au raba nene. Mkeka hautoshi. Mluzi wa chini, ule wa kuguguma, ukianza, punguza masafa husika kwenye monita (spika zinazowageukia wapigaji) kwanza kabla hujaishusha ngoma.

Njuga hazifungiki maiki, kwa kuwa zinatembea na miguu. Laza maiki mbili za kondensa sakafuni mbele ya jukwaa, kata kila kilicho chini ya Hz 300, na uwaombe wachezaji wafike pale kwenye sehemu unazotaka zisikike. Filimbi na vibuyu vya mganda vinatosha na maiki ya kawaida ya kuimbia kwa umbali wa shibiri moja na nusu. Ligombo la Wahehe ni jambo jingine kabisa: ni ala ya nyuzi yenye sauti ndogo, iliyotengenezwa kusikilizwa na watu waliokaa karibu. Maiki ya hewani italeta ngoma zote kabla haijaleta ligombo. Bandika maiki ya mguso kwenye ubao karibu na nyuzi zinapolala, ipitishe kwenye kisanduku cha DI (cha kuunganishia ala na mixa) kinachofaa maiki za aina hiyo, kata chini ya 120, na ulipe wimbo wake peke yake ambamo elektroniki ni mvumo mmoja tu mwembamba. Ligombo likishindanishwa na kiki linapotea lote.

Jumlisha: ngoma tatu kwa maiki mbilimbili ni sita, njuga mbili, filimbi moja, ligombo moja, mwimbaji mmoja, waitikiaji watatu, laptopu nne. Hizo ni kumi na nane. Mixa ya chaneli 16 haitoshi, kodi ya 24.

Monita za wapigaji ziwe karibu, mita moja na nusu au mbili. Kwenye usiku wa nyuzi joto 12, sauti hutembea kama mita 339 kwa sekunde, karibu milisekunde tatu kwa kila mita. Mpigaji anayesikiliza laptopu kutoka spika iliyo mita kumi anaisikia imechelewa milisekunde 30, anaifuata, na sasa anawachelewesha wenzake wote. Kwa watazamaji wa nyuma, ukiweka spika za ziada mita 40 mbele ya jukwaa, zicheleweshe milisekunde 118 ili sauti ifike pamoja na ya jukwaani.

Umeme, kwa kifupi

Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwenye mwinuko, takribani asilimia 3 hadi 3.5 kwa kila mita 300. Mbeya mjini hiyo inakaribia moja ya tano, Njombe inazidi. Jenereta ya kVA 20 ihesabu kama ya 16. Taa ziwe kwenye fezi yake na mitambo ya sauti kwenye nyingine, la sivyo kila taa inapofifia spika zitaimba. Agosti udongo wa Iringa ni mkavu, hivyo nondo ya ethi izame mita moja na nusu na imwagiwe maji ya chumvi. Laptopu ina betri lakini kadi ya sauti na mixa hazina: UPS ndogo ya VA 1,000 inaokoa onyesho umeme ukikatika.

Mpangilio wa wimbo

Kwa wimbo wa dakika nane, anza na ngoma peke yake, mizunguko kumi na sita, bila kitu chochote cha umeme zaidi ya maiki. Hapo kasi inajitengeneza na mtu wa laptopu anaigonga. Mwimbaji aingie juu ya ngoma, waitikiaji wajibu. Elektroniki iingie kutoka juu kuja chini: mvumo, kisha milio midogo, kiki baadaye, besi mwisho kabisa. Kila kimoja kipewe angalau mizunguko minane. Wanaoanza na kiki na besi hawabaki na mahali pa kupanda.

Kisha izime. Kiongozi wa ngoma atoe ishara, filimbi au pigo lake la kukatisha, na laptopu inyamaze yote kwa mizunguko minne huku ngoma zikiendelea. Watu hupiga kelele zaidi hapo kuliko mahali pengine popote kwenye wimbo. Ishara lazima itoke kwa kiongozi, na laptopu imtazame yeye. Ukipanga mapumziko hayo ndani ya kompyuta, siku kiongozi akiongeza mzunguko mmoja kwa sababu mchezaji bado yuko hewani, mashine itarudi peke yake na kumkatiza.

Kabla ya kuchagua nyimbo, kaa na wazee wa kikundi. Wanyakyusa wana ngoma za msibani, na makabila mengine ya huku yana za jando, unyago na matambiko. Zipo zinazoweza kupandishwa jukwaani na zipo zisizoweza, na wanaoamua ni wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 pia inalinda sanaa za jadi dhidi ya kutumiwa ovyo. Kibali cha onyesho kianzie kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Andikianeni malipo mapema, na yataje mambo mawili kwa kutenganisha: malipo ya usiku wa onyesho, na mgawo wa rekodi zitakazotumika baadaye. Rekodi kila chaneli peke yake, kwa sababu zile lupu za albamu zitakatwa humo, na hapo ndipo vikundi huachwa nyuma: sauti ya ngoma yao inazunguka kwenye nyimbo za watu na wao hawana hata nakala. Nakili chaneli zote kumi na nane kwenye flashi, mkabidhi mwenyekiti wa kikundi palepale ukumbini, aweke sahihi kwamba amepokea.